Moshi unaoingia kwa hati halali: barua ya wazi kwa mawaziri wanne

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Fedha, Uchukuzi, Viwanda na Biashara, na Mazingira,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

Waheshimiwa Mawaziri,

YAH: MOSHI WA MAGARI YA MTUMBA NA MALORI YA TRANSITI KATIKA BARABARA ZA BANDARI YA DAR ES SALAAM

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika nikiwa mkazi wa Tabata, na nikiwa wakala wa forodha ambaye riziki yake yote hutoka katika mizigo inayopita bandari ya Dar es Salaam. Nalitaja hili mapema nisije nikadhaniwa kuwa mtu anayetaka biashara ya kimataifa ifungwe. Biashara hiyo ndiyo iliyonijengea nyumba na kunisomeshea watoto. Ninacholalamikia ni kwamba katika hati zote ninazowajazia wateja wangu, za aina ya bidhaa, uzito, thamani, nchi inakotoka na mwaka ilipotengenezwa, hakuna mahali ninapoulizwa bidhaa hiyo itatoa moshi kiasi gani ikishavuka geti la bandari. Moshi unaingia nchini kwa hati halali, kodi zote zikiwa zimelipwa, na kuanzia hapo unakuwa hauna mwenyewe.

Kabla ya kuja hadharani, sisi tunaoishi kando ya Barabara ya Mandela tulipita njia zote za kawaida. Tuliandika barua, tukazipeleka kwa mkono, tukagongewa mihuri ya kupokelewa. Ofisi ya kwanza ilijibu kwamba barabara si yake. Ofisi tuliyoelekezwa ikasema barabara ni yake ila magari si yake. Wenye kushughulika na magari wakasema suala la moshi lina wenyewe, na hao wenyewe, baada ya kimya kirefu, wakatushauri tuwasiliane na ofisi ya kwanza. Ndiyo maana barua hii inakuja kwenu nyote wanne kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja wenu anashika kipande cha jambo hili na hakuna anayelishika lote.

Wala hatuombi hisani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Na hata kabla ya sheria hiyo, katika shauri lililofunguliwa na wakazi wa Tabata mwaka 1988 kuhusu dampo na moshi wake, Mahakama Kuu ilikataa kuiongezea Halmashauri ya Jiji muda wa kuendelea kumwaga taka, na Jaji Lugakingira akaeleza mshangao wake kwamba mamlaka ya umma inaweza kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua. Wazee wa mtaani bado wanaikumbuka kesi hiyo, na ndio waliotuambia tusichoke kuandika.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Kichujio kinauzwa, gari linabaki barabarani

Gari la mtumba linalofika kwetu kutoka Japani si lazima liwe bovu. Kule gari hukaguliwa kwa lazima linapotimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kadiri linavyozeeka ndivyo gharama za kulipitisha zinavyopanda, hata wengi wakaona heri waliuze. Kwa hiyo tunaletewa gari ambalo injini yake bado ni nzima na ambalo, mara nyingi, bado lina masega yake.

Kwa Mheshimiwa ambaye hajawahi kuingia chini ya gari, masega ni kichujio cha moshi, kopo la chuma lililofungwa katikati ya bomba la ekzosi, na ndani yake mna kipande cha kauri chenye matundu membamba yasiyohesabika. Kuta za matundu hayo zimepakwa platini, paladi na rodi, madini ambayo hugeuza sehemu kubwa ya gesi zenye sumu kabla hazijafika mwisho wa bomba. Thamani ya madini hayo ndiyo inayoyaponza masega. Nimesimama gereji nikaitazama kazi yenyewe: fundi analiinua gari kwa jeki, anakata bomba kwa grinda mbele na nyuma ya kopo, anachomelea kipande cha bomba tupu mahali pake, anapuliza rangi ya fedha juu ya mshono, na kopo linatumbukizwa kwenye kiroba kumsubiri mnunuzi apite. Kazi yote haimalizi muda wa kunywa kikombe cha chai. Masega hayo hukusanywa na kupelekwa nje ya nchi yakayeyushwe, kwa hiyo kile kitu kilichowekwa kwenye gari ili kulinda mapafu ya watu kinarudi kwenye meli, na gari linabaki kwetu likiwa na bomba wazi.

Wapo wenye magari wanaoyauza masega wenyewe, wakibanwa na ada za shule. Wapo wanaoambiwa yameziba na yanalifanya gari litumie mafuta mengi, wakakubali kwa kuwa fundi ndiye mwenye kujua. Na wapo wanaolichukua gari jioni kutoka gereji bila kujua kabisa kilichotolewa. Sitawatetea mafundi, lakini naona ni rahisi mno kumlaumu kijana mwenye grinda wakati hakuna mahali popote, baada ya siku ile gari linapopokea namba zake za usajili, ambapo mtu atainama kuangalia kama kopo bado lipo.

Tatizo hili si letu peke yetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti mwaka 2020 iliyoonyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo ya mtumba milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani, Afrika ikiwa mpokeaji mkubwa kuliko bara jingine lolote, na kwamba takriban theluthi mbili ya nchi 146 zilizochunguzwa zilikuwa na sera dhaifu au dhaifu sana za kuyadhibiti. Mwaka huohuo wakaguzi wa Uholanzi waliyachunguza magari yaliyokuwa yakisubiri kupakiwa kuja Afrika. Mengi yalikuwa na umri wa kati ya miaka 16 na 20, hayakufikia Euro 4, kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari, na mengine yalikuwa yameshang'olewa vichujio kabla hata ya kuiona bahari.

Na sisi getini tunaangalia nini? Tunaangalia zaidi umri. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 magari yaliyofikia miaka 15, na Tanzania hulitoza gari lililozeeka ushuru wa ziada. Sipingi umri kuangaliwa, lakini kwa uzoefu wangu wa kujaza hati hizo naweza kusema kwamba gari la miaka 12 lenye masega yake huweza kuwa safi kuliko la miaka 7 lililokatwa bomba. Ushuru wa umri unaingiza fedha, na fedha ni lazima zipatikane, ila mtu wa Buguruni hapunguziwi moshi wowote kwa sababu ushuru huo umelipwa.

2. Tumenunua mafuta safi kwa ajili ya vichujio ambavyo havipo

Hapa nina deni la pongezi kwa waliowatangulia ofisini. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango kimoja cha dizeli na petroli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni. Wakati huo wenzetu wengi wa Afrika Magharibi walikuwa wakiuziwa dizeli yenye salfa ya maelfu. Ghana, kwa mfano, iliruhusu sehemu 3,000 mpaka ilipokishusha kiwango hadi 50 mwaka 2017, na hilo lilitokea baada ya uchunguzi uliochapishwa Uswisi mwaka 2016 kuonyesha jinsi wafanyabiashara wa mafuta walivyokuwa wakichanganya, katika bandari za Amsterdam, Rotterdam na Antwerp, mafuta yasiyoruhusiwa kuuzwa Ulaya, ambako kikomo ni sehemu 10 tangu 2009, na kuyapakia kwenda Afrika Magharibi. Uholanzi ilikuja kuibana biashara hiyo mwaka 2023, na Ubelgiji ikafuata 2024.

Jambo ninalotaka mlione ni kwamba sisi hatukusubiri sheria ya Rotterdam. Tuliweka sharti upande wa mnunuzi, tukaliandika kwenye zabuni, na muuzaji akaleta kile tulichotaka. Anayesema kwamba nchi kama yetu haina sauti mbele ya soko la dunia anasahau jambo ambalo nchi yake mwenyewe imekwisha kulifanya.

Lakini salfa haipunguzwi kwa ajili ya harufu tu. Faida yake kubwa ni kwamba salfa nyingi huyaharibu masega na vichujio vya masizi vya malori, kwa hiyo mafuta yenye salfa kidogo ndiyo yanayoviwezesha vifaa hivyo kufanya kazi. Tumebeba gharama ya mafuta yanayolinda vichujio, kisha tukaviacha vichujio vyenyewe viuzwe. Sijui kama kuna namna nyingine ya kulipa mara mbili kwa kitu ambacho hukipati.

Tena uwezo wa kudhibiti tunao. Tangu 2010 mafuta nchini yamekuwa yakiwekwa vinasaba, yaani alama za kemikali, ili kuwabaini waliokuwa wakiyachakachua kwa mafuta ya taa na wale wanaouza humu ndani mafuta yaliyotangazwa kuwa ya transiti, yaani ya kupita kwenda nchi jirani. Ikiwa dola inaweza kuitambua lita iliyokwepa kodi ndani ya tangi la kituo cha mafuta cha wilayani, haishindwi kulitambua bomba lililokatwa chini ya gari lililosimama mbele ya askari.

3. Shaba ya betri safi inateremka kwa dizeli

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na kwa shaba sasa ni ya pili nyuma ya Chile. Sehemu kubwa ya madini hayo, pamoja na shaba ya Zambia, huja Dar es Salaam kwa semi-trela kupitia Tunduma, Mbeya, Makambako, Iringa na Morogoro. Njia hiyohiyo hupandisha mafuta, mashine, salfa ya kutengenezea asidi ya migodini, na magari ya IT yanayokwenda kuuzwa ng'ambo ya mpaka.

Anayetaka kuelewa maana ya jambo hili asimame kona mojawapo ya mlima Kitonga, mkoani Iringa, wakati malori yenye shehena yanapanda. Yanapanda kwa gia nzito, moja nyuma ya jingine, kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kwa kuwa upande mmoja ni ukuta wa mlima, moshi mweusi haupati pa kwenda. Utingo ameshuka na kigingi mkononi, anatembea sambamba na tairi la nyuma tayari kulizuia lori likishindwa, na kichwa chake kiko usawa wa bomba la ekzosi la lori linalofuata. Hakuna barakoa. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na miongoni mwa ushahidi ulioifikisha hapo ni afya za wachimba migodi na madereva wa malori. Kisha njooni Tunduma, kwenye foleni ya mpakani, ambako injini huachwa zikiunguruma huku mama lishe akifunika masufuria yake kwa kipande cha boksi.

Madini hayo, Waheshimiwa, yanakwenda kutengenezea betri na nyaya za magari ya umeme. Nchini Norway, mwaka 2024 karibu magari mapya tisa kati ya kumi yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Nawapongeza kwa dhati, na siamini kwamba dawa ni wao kurudi kwenye petroli. Lakini sehemu ya gharama ya hewa yao safi inalipwa kwenye barabara ya Iringa, na gari kuukuu ambalo tajiri analiacha ili anunue la umeme nalo halichomwi moto, linatafutiwa meli.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba njia nyingine ipo na malori yanapita mlangoni pake. Katika makutano ya Tazara, chini ya daraja la Mfugale, semi-trela zilizobeba bamba za shaba husubiri taa zikiwa jirani kabisa na stesheni ya TAZARA, reli ambayo Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda waliijenga kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, kwa ajili ya shaba hiyohiyo. Nafahamu kwamba Septemba 2025 ulisainiwa mkataba wa dola bilioni 1.4 wa kuifufua, na kwamba treni za mizigo za SGR, reli yetu mpya, zinazotumia umeme zimeanza kwenda bandari kavu ya Kwala. Hizo ni habari njema, na wakala mwenzangu mmoja alishaanza kulalamika kwamba kazi itahamia Kwala, jambo linalonionyesha kwamba mpango huo ni wa kweli. Hata hivyo reli haimwondoi mtu barabarani kwa kuwapo tu. Kenya ilifungua SGR yake mwaka 2017, ikalazimisha makontena yapande treni, kisha amri hiyo ikaondolewa kwa shinikizo la wenye malori na wafanyabiashara wa Mombasa ambao kwa kweli walikuwa wameumizwa. Tunataka kujua mapema ninyi mmepanga nini, ili isije ikawa amri ya usiku mmoja na kufutwa kwake asubuhi.

4. Moshi wa biashara huandikwa kwenye daftari la mtu mwingine

Katika hesabu za mabadiliko ya tabianchi kila nchi huandika hewa chafu iliyotolewa ndani ya mipaka yake. Takriban robo ya kaboni dioksidi duniani hutokana na kutengeneza bidhaa ambazo hatimaye hutumiwa katika nchi nyingine, lakini huhesabiwa kwa mtengenezaji. Mafuta ya meli za safari za kimataifa huripotiwa pembeni, nje ya jumla ya nchi yoyote, ingawa meli hutoa karibu asilimia 3 ya gesi joto zote zinazotokana na binadamu. Na vumbi laini la moshi, linaloingia mapafuni hadi kwenye damu, halina hata daftari hilo la pembeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba katika mwaka 2007 pekee vifo vya mapema 762,400 duniani vilihusiana na bidhaa na huduma zilizotengenezwa sehemu moja kwa ajili ya walaji wa sehemu nyingine, na kwamba ulaji wa Ulaya Magharibi na Marekani ulihusishwa na zaidi ya vifo 108,600 nchini China.

Sasa tazameni jinsi wenye nguvu wanavyoipanga hesabu hii kwa upande wao. Tangu tarehe 1 Januari 2026 Umoja wa Ulaya umeanza kuidai kaboni bei yake pale mpakani kwa saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na hidrojeni vinavyoingia kwake. Sina hoja dhidi ya kanuni hiyo. Ninauliza tu kwa nini kanuni hiyo isifuate pia kinachotoka kwake: pendekezo la Tume ya Ulaya la kuzuia kuuzwa nje kwa magari yasiyofaa barabarani lilitolewa Julai 2023, na mnunuzi wa Afrika alipaswa kuwa wa kwanza kulishangilia na kulisukuma. Je, serikali yetu imelisukuma? Vilevile, Oktoba 2025 jijini London, nchi wanachama wa shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia safari za baharini zilipiga kura kuahirisha kwa mwaka mmoja mpango wa kuzitoza meli kwa uchafuzi wake. Wananchi wa nchi yenye bandari wana haki ya kuelezwa msimamo wetu utakuwa upi suala hilo litakaporudi mezani.

5. Hatupewi vipimo

Hili ni fupi. Shirika la Afya Duniani lilishusha mwaka 2021 kiwango linachokipendekeza cha chembechembe laini hadi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Tuliomba kwa maandishi tupewe vipimo vya Barabara ya Mandela tujilinganishe. Hatukujibiwa.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, maana mengine tumekwisha kupewa kwa mdomo.

Tutaambiwa kwamba Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya kaboni dioksidi ya dunia, hivyo mwenye deni ni mwingine. Deni la kaboni ni kweli ni la mwingine, nanyi lidaini kwa nguvu zote katika mikutano ya tabianchi. Lakini masizi ya dizeli hayagawanywi kwa asilimia za dunia. Yanaingia darasani kwa dirisha lililo wazi. Isitoshe, masizi hayo hunyonya joto la jua kwa nguvu na hukaa angani siku au wiki chache tu, kwa hiyo ni katika sehemu chache za tatizo la tabianchi ambapo nchi ikipunguza leo inaona matokeo upesi.

Tutaambiwa kwamba mnyonge hataweza kununua gari. Hatuombi magari ya mtumba yapigwe marufuku, na mimi ningekuwa wa kwanza kukosa kazi. Tunaomba gari liingie na kichujio chake na libaki nacho. Hata hivyo si vibaya kukumbuka kwamba Ethiopia, ambayo haina utajiri kutuzidi, ilisitisha mwaka 2024 uingizaji wa magari ya petroli na dizeli, na kwamba Kigali imeacha tangu Januari 2025 kusajili pikipiki mpya za abiria zinazotumia petroli. Kama wamefaulu au la ni mjadala mwingine, lakini neno "haiwezekani" limekuwa gumu kulitumia.

Tutaambiwa, na hili ndilo jibu zito zaidi, kwamba tukibana malori, mzigo utahamia Durban, Beira, Walvis Bay au Lobito. Nalichukulia kwa uzito kwa sababu nimeona mteja akihamisha mzigo kwa tofauti ndogo ya gharama. Lakini mteja huyo huhamishwa na siku za kusubiri na tozo zisizotabirika kuliko kitu kingine chochote. Na upepo unageuka: sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inadai tamko la kaboni la betri za magari ya umeme, na reli ya Lobito, inayokwenda bandari ya Angola, inapigiwa debe na Marekani na Ulaya kama njia ya kisasa ya shaba hiyohiyo. Yawezekana kinachotishia mzigo wetu ni moshi wenyewe, endapo mnunuzi wa shaba ataanza kuuliza iliteremkaje.

Kwa hiyo tunaomba mambo yafuatayo.

(a) Kuwapo kwa masega au kichujio cha masizi, pamoja na kipimo cha moshi, viwe sharti la kusajili gari lolote la mtumba, na matokeo yaandikwe kwenye kumbukumbu za gari kama inavyoandikwa namba ya chesisi. Kipimo hicho kirudiwe kila mwaka, na kwa kuanzia kiunganishwe na ukaguzi wa stika za usalama barabarani ambao tayari unafanyika. Gari lililokutwa limekatwa bomba lipewe muda wa kutengenezwa kabla ya faini, kwa kuwa wengi wa wenye magari hayo wameibiwa.

(b) Ununuzi na usafirishaji wa masega uwe kwa leseni, na shehena yake itangazwe kwa jina lake badala ya kupita kama chuma chakavu. Hili peke yake, kwa maoni yangu ya kikazi, litapunguza wizi kuliko operesheni yoyote ya gereji, na halihitaji sheria mpya ya Bunge.

(c) Ushuru wa ziada wa magari uangalie moshi pamoja na umri, na sehemu yake itengwe kununulia vifaa vya kupimia. Malori ya transiti, yawe na namba za Tanzania, Zambia au Kongo, yapimwe kwa kiwango kimoja kitakachokubaliwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, ili asionekane mmoja amebanwa peke yake.

(d) Itangazwe ratiba, yenye miaka na tani, ya kuhamishia shaba, mafuta na salfa kwenye TAZARA na SGR, na ratiba hiyo ieleze madereva, utingo na mama lishe wa Tunduma na Ruaha Mbuyuni watafanya kazi gani.

(e) Vipimo vya hewa vya Barabara ya Mandela, Kurasini, Kibaha, Kitonga na Tunduma vitolewe kwa umma kila mwezi.

(f) Serikali itamke hadharani msimamo wake kuhusu tozo ya uchafuzi wa meli na kuhusu magari mabovu yanayouzwa nje na nchi tajiri.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya hotuba ya bajeti kusomwa bungeni Juni, kwa sababu maombi ya (a) na (c) yanagusa viwango vya ushuru, na ikishapita tarehe hiyo tutaambiwa tusubiri mwaka mwingine wa fedha. Nipo tayari, pamoja na mawakala wenzangu wawili na fundi mmoja aliyeacha kukata masega, kuja Dodoma kwa gharama zetu kueleza kazi inavyofanyika. Endapo majibu hayatapatikana, wakazi wameazimia kwenda Mahakama Kuu kwa kutumia Sheria ya Mazingira ya 2004, na wakili tumeshazungumza naye.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakala wa forodha na mkazi wa Tabata,
kwa niaba ya wakazi wa kando ya Barabara ya Mandela,
Dar es Salaam.

Nakala:
Spika wa Bunge, Dodoma.
Katibu Mkuu, Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha.
Wenyeviti wa serikali za mitaa ya Tabata, Buguruni na Vingunguti: ibandikwe kwenye mbao za matangazo.